Pampu ya tipa haifi, huuawa

Hapana mandhari inayoidhalilisha kazi kama ile ya lori la tipa lililosimama katika eneo la ujenzi, limejaa kokoto, injini inanguruma, na bodi haiinuki. Vijana huitwa, wakapanda juu na makoleo, na mzigo ambao ungemwagwa kwa muda wa dakika moja ukashushwa kwa migongo ya watu tangu asubuhi hadi jua la utosini. Msimamizi hupiga simu yadini. Jibu ni lile lile la siku zote: pampu imekufa, inaagizwa nyingine.

Jibu hilo ndilo linalostahili kushitakiwa. Pampu ya haidroliki haifi kama afavyo mzee aliyetimiza umri wake. Aghalabu huuawa, na wauaji wake wanajulikana kwa vyeo vyao.

Chombo chenyewe si cha muujiza. Ndani ya gamba la chuma au la aluminiamu mna gia mbili zilizoshikana meno. Moja huzungushwa na giaboksi ya lori kwa kupitia kiungo ambacho mafundi hukiita PTO, nayo humzungusha mwenzake. Mafuta huingia upande mmoja, yakabebwa katika nafasi zilizo baina ya meno na ukuta wa gamba, yakazunguka kandokando. Kisha meno yakutanapo tena upande wa pili huyasukuma nje kuelekea kwenye jeki inayoinua bodi. Johannes Kepler, mwanafalaki wa Ujerumani, alikwisha kubuni pampu ya namna hii mwanzoni mwa karne ya 17. Anayedai leo kuwa ni siri ya wageni, isiyoweza kueleweka na fundi wa Morogoro au wa Mbeya, anatafuta pa kujificha.

Ugumu wake umo mahali pengine. Pampu yenye kutoa sentimita 80 za ujazo kwa kila mzunguko, ikizungushwa mara 1,000 kwa dakika, hupeleka karibu lita 80 za mafuta kwa dakika hiyo. Chini ya mzigo mzito, shinikizo la mafuta hayo laweza kufika bar 200, yaani takriban kilo 200 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Ili mafuta yaliyobanwa kiasi hicho yasirudi nyuma, nafasi iliyopo baina ya ncha za meno na gamba, na baina ya gia na mabamba ya pembeni, lazima iwe finyu mno. Hupimwa kwa maikroni, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Punje ya mchanga iliyo ndogo kuliko nusu ya unywele haionekani kwa macho, lakini inatosha kuchora mfereji katika gamba la pampu. Kwa hiyo fundi anayechovya kidole tangini, akakitazama juani na kutangaza kuwa mafuta ni safi, hajapima kitu chochote.

Hebu msomaji aingie katika yadi ya kawaida ya malori. Kifuniko cha tangi la haidroliki kilipotea zamani. Mahali pake pamezibwa kwa tambara, na tambara lenyewe linanyonya vumbi na maji ya mvua. Pipa la mafuta limesimama wazi nje, nalo humiminwa kwa ndoo iliyobeba saruji jana. Chujio halijabadilishwa tangu lori liliponunuliwa, au limeondolewa kabisa kwa hoja kwamba linachelewesha bodi kupanda. Wapo hata wanaojaza oili iliyokwisha kutumika katika injini, wakiita jambo hilo ubanaji wa matumizi. Baada ya miezi michache pampu inaanza kulia kana kwamba imemeza changarawe. Hicho ni kilio cha njaa: bomba la kuvutia mafuta limeziba au linaingiza hewa, na viputo vinapasukia ndani ya pampu na kuila chuma yake. Meneja akiambiwa, hujibu kwamba lori litaingia karakana mwisho wa mwezi, kwa sababu safari za kifusi hazijatimia.

Pampu ikifika mwisho wake, hununuliwa mpya. Na hapa ndipo uzembe unapogeuka kuwa upuuzi. Pampu ya zamani haikufa bila kuacha masalia: vipande vya bushi na unga wa meno yake vimetapakaa katika mabomba, katika jeki na chini ya tangi. Pampu mpya hufungwa hapo hapo. Hakuna aliyemwaga mafuta, hakuna aliyesafisha tangi, hakuna aliyeweka chujio jipya. Inakunywa maiti ya mwenzake. Inapokufa nayo kabla ya wakati, mwuzaji hutukanwa kuwa ameuza bidhaa bandia, na mara nyingine kweli ameuza bandia; lakini hata pampu iliyo halali kabisa isingeishi katika tope lile.

Dereva naye hana budi kubeba sehemu yake. Kuiacha PTO imeingia wakati lori linakwenda barabarani ni kuizungusha pampu kwa kasi isiyokusudiwa, ikachemka bure. Na ni kuihatarisha jamii nzima, maana bodi yaweza kuinuka pole pole bila dereva kujua mpaka inapogonga daraja au nyaya za umeme. Walakini dereva anayelipwa kwa hesabu ya safari, ambaye hakuonyeshwa hata siku moja kinachotendeka chini ya kiti chake, si mshitakiwa wa kwanza. Wa kwanza ni aliyemkabidhi lori.

Wenye kumbukumbu watakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wakati nchi ilipokaukiwa na fedha za kigeni na malori yakakaa juu ya mawe kwa kukosa vipuri. Ilikuwa taabu, wala hapana mwenye akili anayetamani irudi. Lakini fundi wa wakati ule aliifungua pampu, akatoa sili iliyochoka, akakagua bushi, akarudisha kila kitu kwa mikono iliyonawa. Hakuwa na njia nyingine. Leo mtu akiingia Gerezani, Dar es Salaam, anakuta pampu zimepangwa madukani kama mikate, na wingi huo umewafanya wakubwa wa yadi wasahau kwamba kila moja imenunuliwa kwa fedha za kigeni zilizotokana na jasho la mkulima wa korosho na kahawa.

Wapo watakaojibu kwamba dawa ni kutengeneza pampu zetu wenyewe. Hoja hiyo ni ya heshima. Moshi kuna kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools. Kibaha kuna Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilichoanzishwa mwaka 1985. Kuchonga gia si jambo lililo nje ya uwezo wa Watanzania. Lakini pampu itakayotoka Moshi ikitiwa katika tangi lililozibwa kwa tambara itakufa vile vile kama iliyotoka ng'ambo, na hapo watu watasema kuwa mali ya nyumbani ni hafifu.

Wengine watasema kusafisha tangi ni gharama. Gharama ya nini? Ni saa chache za kazi, mafuta mapya na chujio. Mizani hiyo iwekwe upande mmoja, na upande wa pili iwekwe pampu mpya, lori lililolala, na vijana kumi wenye makoleo.

Tena liko jambo zito kuliko fedha. Bodi ikikwama nusu juu, huitwa fundi aingie chini yake akaifungue pampu. Kinachoishikilia bodi ile ni mafuta yaliyofungiwa katika jeki. Akilegeza bomba moja tu, bodi inashuka juu yake kwa uzito wake wote. Mafundi wamekufa kwa namna hii katika nchi nyingi. Mzigo lazima ushushwe kwanza, na bodi iegemezwe kwa nguzo ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, wala si kwa gogo lililookotwa uani. Yadi isiyo na nguzo hiyo haina haki ya kumwita fundi.

Pampu iliyokufa isitupwe katika lundo la vyuma chakavu. Ifunguliwe mezani, mbele ya meneja aliyeidhinisha kununua nyingine, naye apitishe kidole chake katika mikwaruzo ya gamba lile, kisha aandike kwa mkono wake katika daftari la lori ni lini chujio lilibadilishwa mara ya mwisho.