Kadi ya Grafiki Imehukumiwa Bila Kusikilizwa

Lushoto ni mji unaofundisha watu kazi za mahakama. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko hapa hapa, na siku ya mahafali wapiga picha wetu hula vizuri. Ajabu ni kwamba katika studio na stesheneri hizo hizo zinazochapa picha za majoho kuna mshtakiwa anayetiwa hatiani kila siku bila shahidi wala kielelezo. Photoshop ikiganda, kosa ni la kadi ya grafiki. Lightroom ikitoa picha nyeusi, kosa ni la kadi. Programu ikifunguka kwa kujivuta, utasikia: "Kadi ndogo hiyo, bwana, tafuta laptopu ya gemu." Hukumu hutoka kabla fundi hajavuta kiti, na faini yake ni milioni na ushei.

Imani hii imeenea kutoka Soni mpaka Mlalo, na mimi nasema ni uvivu wa kuchunguza unaojiita utaalamu. Anayefaidika nayo ni muuza kompyuta. Anayeumia ni kijana aliyenunua kamera kwa pesa za kabichi na viazi, akaaminishwa kwamba bila kadi ya giga nane hawezi kuhariri picha za harusi. Adobe yenyewe, kwa matoleo ya Photoshop ya miaka ya karibuni, imetaja giga 1.5 za kadi kuwa kiwango cha chini, na giga 4 kwa mwenye skrini ya 4K. Wangapi kati yetu wana skrini ya 4K?

Kwanza tujue kadi inafanya kazi gani. Photoshop ilianza kuikabidhi sehemu ya shughuli zake mwaka 2008, katika toleo la CS4. Lightroom ilifuata 2015, na wakati huo kadi ilisaidia zaidi kuionyesha picha kwenye skrini. Marekebisho yenyewe ya mwanga na rangi yalianza kupita kwenye kadi kwa upana Agosti 2019. Mpaka leo ni sehemu tu ya kazi: kukuza na kuzungusha picha bila mikwaruzo, baadhi ya vichujio vya kunoa na kutia ukungu, ile zana ya kuvuta maumbo ya uso na mwili, na zana mpya za akili unde. Kufungua faili, kuhifadhi, kupanga pasipoti saizi nane kwenye karatasi moja na kuituma kwenye printa ni mzigo wa prosesa, rami na diski. Hiyo ndiyo kazi inayolisha stesheneri ya kawaida. Kwenye GIMP ndiyo kabisa: karibu kila kitu hufanywa na prosesa, na msaada wa kadi katika toleo la 2.10 ulikuwa wa majaribio, tena ulikuja umezimwa. Fundi akikwambia GIMP yako ni nzito kwa sababu ya kadi, mwulize amelisoma wapi hilo.

Sasa soma ujumbe ambao Photoshop imekuwa ikiutoa kwa miaka mingi inapokwama. Unasema programu imekutana na tatizo kwenye draiva ya skrini, na kwa hiyo imezima kwa muda huduma zinazotegemea kadi. Umetaja draiva. Mtuhumiwa ametajwa kwa jina, sisi tunakwenda kumkamata jirani yake.

Draiva ni programu inayopeleka maagizo ya Windows na programu nyingine kwenye kadi. Photoshop inapowaka hutanguliza kijiprogramu cha kuipima kadi. Kikianguka, au kikikuta draiva isiyoeleweka, huduma za kadi huzimwa na wewe unabaki kulalamikia wepesi uliopotea. Kadi yenyewe inaweza kuwa nzima kama ilivyotoka kiwandani. Na hapa ndipo ninapogombana na mafundi wetu, kwa sababu dawa yao ya kila ugonjwa ni kupiga Windows upya. Anapiga, anaweka Office, anaweka VLC, anaweka Photoshop iliyochakachuliwa, anakurudishia mashine na kuchukua chake. Ukifungua Device Manager unakuta, mahali pa kadi, pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Maana yake hakuna draiva ya kadi hata moja, Windows inachora skrini kwa njia ya dharura. Aliyekuja kutibu ndiye aliyejeruhi, na wiki inayofuata ndiye anayekushauri ununue kadi kubwa.

Najua kwa nini draiva hazisasishwi huku. Draiva ya NVIDIA ni mamia ya mega, na bando tunalinunua kwa kujibana. Lakini mtu huyo huyo anayelionea uchungu bando la siku moja yuko tayari kuuza kamera aongezee pesa za laptopu mpya. Hesabu gani hii? Omba intaneti ya chuo, ya hoteli, ya rafiki, shusha draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kadi au wa laptopu, iweke kwenye flashi utembee nayo. Tangu 2019 NVIDIA hutoa draiva za aina mbili, za wacheza gemu na za watu wa ubunifu zinazoitwa Studio. Chukua hizo za pili. Na hiyo Photoshop ya kuchakachua, ambayo aliyeichakachua ameifunga isijisasishe, haitapata rekebisho lolote ambalo Adobe imelitoa kwa ajili ya kadi yako. Hilo nalo litahesabiwa kuwa kosa la kadi.

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho sijaona fundi akikifanya mbele ya mteja. Ingia kwenye mapendeleo ya programu, sehemu ya utendaji, uondoe alama kwenye kiboksi cha kutumia prosesa ya grafiki. Funga programu, ifungue tena, rudia kile kile kilichokwama, kwa picha ile ile. Kama bado inakwama, kadi haihusiki. Nenda kaangalie rami, diski iliyojaa, faili lililoharibika. Kama imetulia, tatizo liko upande wa kadi, na hata hapo draiva ndiyo ya kuhojiwa kwanza. Watumiaji wa darktable, programu ya bure ya picha ghafi, wana bahati zaidi: imekuja na kijiprogramu kiitwacho darktable-cltest, kinachoandika ni kadi gani imekubaliwa, ipi imekataliwa na kwa sababu gani. Ushahidi wa maandishi huo.

Wenye laptopu zenye kadi ya NVIDIA wanasahau kwamba nyingi zina kadi mbili, ya Intel iliyo ndani ya prosesa na hiyo nyingine. Windows ndiyo huchagua ipi ifanye kazi, na ili kutunza betri huweza kuipa programu yako ile ndogo. Tangu 2018, Windows 10 ina ukurasa katika mipangilio ya skrini wa kuichagulia kila programu kadi yake. Umeme ukikatika wakati wa masika, laptopu ikabaki kwenye betri, kadi kubwa hupunguziwa nguvu hata kama umeichagua. Fundi akija saa hiyo atakuta mashine imechoka kweli.

Halafu kuna sekunde mbili. Tangu Windows Vista, mfumo huipa kadi sekunde 2 za kujibu. Ikizidisha hapo, Windows huhesabu kwamba imekwama, huiwasha draiva upya, skrini hupepesa na programu iliyokuwa inaitegemea huweza kuanguka. Kadi ya kawaida iliyopewa picha ya megapikseli 45, huku Chrome nayo ikiwa wazi na video inacheza, inaweza kuchelewa ikiwa nzima kabisa. Funga vingine, jaribu tena.

La baridi ndilo hunichekesha. "Huku Usambara kompyuta haipati joto." Nani kasema? Baridi ya nje haipenyi laptopu iliyozibwa vumbi. Feni ikijaa vumbi la barabara za milimani, pasta ya joto juu ya chipu ikikauka, na mashine ikiwekwa juu ya blanketi, chipu hufika nyuzi 90 mwezi Julai wewe ukiwa umevaa sweta mbili, kisha hujipunguzia kasi isiungue. Tena hewa ya mita 1,400 ni nyepesi kuliko ya Tanga mjini, kwa hiyo feni ile ile huondoa joto pungufu kwa kila mzunguko. Kuisafisha ni bei ya chakula cha mchana.

Hata rangi zimebambikiwa kadi. Wageni wanapenda ua la urujuani la Usambara, lile ambalo mbegu zake Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alizipeleka kwao baada ya kuliona 1892. Mpiga picha analipiga, kwenye skrini linaonekana la buluu, likichapwa linatoka rangi ya tatu, mnunuzi ananuna. Kamera za dijitali zina tabia ya kuivuta zambarau kuelekea buluu, na skrini nyingi za laptopu za bei nafuu hazionyeshi hata robo tatu ya rangi za sRGB. Ongeza profaili ya rangi isiyopangwa. Kadi kubwa itakuonyesha kosa lile lile, ila kwa kasi zaidi.

Kama ni lazima utumie pesa, anza na rami. Kadi iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake yenyewe, hukopa rami ya mashine, na laptopu nyingi huuzwa zikiwa na kipande kimoja huku nafasi ya pili ikiwa tupu. Kuongeza kipande cha pili hufungua njia ya pili ya data. Jambo hili ni kubwa kiasi kwamba jina Iris Xe la Intel halionekani kabisa kwenye mashine yenye rami ya njia moja. Chipu ile ile hujitambulisha kuwa UHD tu.

Wenye kompyuta za mezani za mtumba ndio wanaoliwa zaidi. Ile Dell OptiPlex 7010 ndogo ina pawa saplai ya wati 240. Mtu anaambiwa aweke RTX 3060, kadi inayokula wati 170 peke yake na ambayo NVIDIA inashauri iwekewe pawa saplai ya wati 550. Achilia mbali kwamba haiingii ndani ya boksi. Kwenye laptopu ndiyo usiseme, kadi imelehemiwa kwenye ubao mkuu, kwa hiyo "badilisha kadi" maana yake ni badilisha kompyuta nzima. Na kadi za bei poa nyingine ni feki, chipu za zamani zilizoandikwa jina jipya ndani yake. Programu ya GPU-Z tangu 2018 huzitambua nyingi na kuandika FAKE mbele ya jina. Ni ya bure.

Siwezi kudai kadi haina hatia siku zote. Prosesa za Intel za 2012 zenye HD Graphics 4000, zilizojaa kwenye laptopu za mtumba, zinaishia DirectX 11, wakati Photoshop za sasa zinataka DirectX 12; hapo hakuna draiva itakayokuokoa, tumia toleo la zamani au fanya kazi bila kadi. Na zana ya Lightroom ya kuondoa chengachenga, iliyotoka Aprili 2023, inaipima kadi kwelikweli. Anayepiga vinyonga usiku katika msitu wa Magamba kwa ISO kubwa, akirudi na picha ghafi mia mbili, huyo ana haki ya kuitaka kadi yenye nguvu, na ataiona faida siku ya kwanza.

Basi kabla ya kuteremka Mombo kupanda basi la Dar, beba flashi yenye picha zile zile zilizokukwamisha. Muuzaji akikataa uzifungue kwenye mashine yake, kwa programu unayoitumia, kabla hujamlipa, vuka barabara. Kariakoo ina maduka mengi.