Nyanya Zisizojua Ukame

Muulize mkulima yeyote wa nyanya kule Mwea. Msimu huu kreti inalipa, msimu ujao mnyauko unakula shamba lote, ama Marikiti imejaa na dalali anakupa bei ya kutupa. Sasa wewe, uko Umoja, hujashika jembe tangu shule, unaahidiwa faida ileile kila mwezi kutoka kwa grinihausi ambayo hujawahi kuiona. Hicho si kilimo, msee. Unalipwa na pesa ya atakayejiunga baada yako.

Kware tuliwaona. Kufikia 2014 watu walikuwa wanapanga foleni kuomba leseni ya KWS, na waliovuna ni waliouza vifaranga na mashine za kuangulia. Leseni ilikuwa ya kufuga ndege. Nani atanunua hayo mayai yote, hakuna aliyeuliza.

Na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji? Sheria yake iko tangu 1989, lakini onyo hutufikia ofisi ikiwa imefungwa na mkurugenzi hashiki simu. Redio iliyotangaza hiyo “fursa” asubuhi hadi jioni nayo imeshalipwa, imenyamaza. Ianze kubanwa hapo: bila namba ya leseni, hakuna tangazo, na kituo kikipuuza, kirudishie watu pesa.