Soma Kabla ya Kununua King'amuzi

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973. Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Leo dishi hunasa picha kutoka setilaiti, hata hapa Nyarugusu.

Lakini ving'amuzi havilingani. Kimoja hudai malipo kila mwezi. Malipo yakiisha, chaneli nyingi hufungwa. Kingine hupokea chaneli za bure tu, wala hakidai malipo ya mwezi.

Mchimbaji mdogo hana mshahara. Leo anapata dhahabu, kesho anapata mawe matupu. Kwa maoni yangu, king'amuzi cha chaneli za bure kinamfaa zaidi. Habari za nchi zisikatike nyumbani kwa sababu duara halikutoa kitu.

Basi, tukifika dukani tusione haya. Tusome maandishi ya kwenye boksi. Tuulize: "Malipo yakiisha, nitaona nini?" Tukijibiwa, ndipo tutoe fedha.