Eti Sanaa ni ya Watalii

Kikao cha kamati ya harusi kina mengi ya kumkera mtu mzima, na karibu yote nimekwisha kuyazoea: kuchelewa kuanza, soda ya moto, mweka hazina anayesoma majina ya wasiotoa ahadi kama mwalimu anayesoma waliofeli. Lakini wiki iliyopita nimetoka kikaoni nimekasirika hasa. Tulikuwa tunajadili zawadi ya kamati kwa maharusi. Binti mmoja, mdogo kuliko wote pale, akapendekeza tununue mchoro. Alikuwa amepita Nafasi Art Space, pale Mikocheni, akaupenda mmoja, akatuonyesha picha yake kwenye simu: wanawake watatu ndani ya daladala, mvua inanyesha, vioo vimeshika ukungu, mmoja amembebea mwenzake mtoto. Mwenyekiti akautazama kwa kupepesa jicho, akarudisha simu. "Mwanangu," akasema, "hivyo ni vitu vya watalii. Sisi tuwape kitu cha maana." Watu wakacheka. Tukapitisha friji.

Friji sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na hiyo sentensi, maana nimeisikia kwa wajomba, kwa wafanyakazi wenzangu, kwa maprofesa, hata kwa ofisa mmoja ambaye kazi yake aliyoajiriwa kuifanya ni kuendeleza utamaduni. Sanaa ni ya watalii. Kikapu kizuri ni cha watalii. Kinyago, chungu, mkeka wenye nakshi, mchoro, vyote ni vya watalii. Ukiwasikiliza utadhani Muumba aliumba miyaa, mpingo na udongo wa mfinyanzi akisubiri ndege ya kwanza itue ili viwe na kazi.

Twendeni sebuleni kwa mwenyekiti. Nimewahi kukaribishwa, na chai nilipewa, kwa hiyo namsema kwa heshima zote. Juu ya kochi lake kuna picha kubwa ya maporomoko ya maji, nyuma yake milima yenye theluji, na kwenye kona ya chini kuna saa. Ukiichomeka kwenye umeme, maji yanaonekana yakitiririka na ndege wanalia. Ukuta wa pili una farasi wanane wanaokimbia kwenye bahari isiyojulikana. Juu ya kabati la televisheni kuna maua ya plastiki yanayofutwa vumbi kila Jumamosi. Vyote hivyo vimenunuliwa Kariakoo kwa pesa taslimu, vimebebwa kwa teksi, vimepigiliwa ukutani kwa nguvu na kwa furaha.

Basi anayesema sisi hatuna utamaduni wa kutundika picha, mwambieni ageuke atazame nyuma ya kochi lake. Tunanunua picha. Tunanunua mapambo. Nyumba ya Mtanzania isiyo na kitu ukutani ni ya yule aliyehamia jana. Tunachokataa ni kumlipa fundi tunayeweza kumsalimia kwa jina. Maporomoko yakitoka kiwandani ng'ambo ni urembo wa nyumba; daladala ya Mbagala ikichorwa na kijana wa Mbagala, hiyo inakuwa ya watalii. Mtalii gani anaijua adha ya daladala ya Mbagala wakati wa mvua?

Wataniambia bei. Mchoro ni ghali, kikapu cha mkono ni ghali. Kikao kilekile kilichocheka mchoro kilipitisha mamilioni ya mapambo ya ukumbi bila mtu kukohoa: vitambaa, taa, maua ya kukodi, jukwaa la maharusi lenye viti vya kifalme, na vyote vinafunguliwa usiku uleule kabla hata wageni hawajapata usafiri. Tumelipia pia kamera inayoruka, itakayotupiga picha tukiwa tumeinua macho juu tukiishangaa. Sitamgusa MC leo, ingawa siku yake inakuja. Mtu anayelipwa ili awafokee wakwe za watu anastahili makala yake peke yake. Ninachosema ni kwamba neno "ghali" lilitoka midomoni mwetu mara moja tu kikao kizima, na alitupiwa mchoraji.

Na hii dhana kwamba kazi ya mkono si ya kwetu ilizaliwa lini? Muulize mwanamume yeyote wa Zanzibar, wa Pemba au wa Lamu kuhusu kofia yake. Kofia ya mkono hushonwa kwa miezi, tundu moja moja linazungushiwa uzi mpaka kitambaa chote kiwe nakshi, na mwenyewe akiivaa kwenda kwenye hitima, wenziwe wanaitambua tangu mlangoni. Ya mashine wanaitambua pia, na humtazama aliyeivaa kwa huruma. Bei ya kofia nzuri ya mkono si ya mchezo, lakini sijasikia babu yeyote akisema ni ya watalii. Anajua nani kaishona, anajua nakshi gani ni ngumu, anabishana na kinyozi wake juu ya hilo mpaka nywele zinaisha. Huyo ndiye mpenzi wa sanaa, na hajawahi kukanyaga jumba la maonyesho.

Kawa nalo? Kila nyumba ya Pwani ilikuwa na kawa la kufunikia chakula, kazi ya wanawake waliochana miyaa, wakaitia rangi kwenye maji yanayochemka, wakasuka ukili pima kwa pima, kisha wakaushona ukazunguka mpaka kileleni. Leo makawa yametundikwa kwenye kuta za hoteli, mengine yamegeuzwa vifuniko vya taa, na sisi nyumbani tunafunika wali kwa kiwavu cha plastiki kinachokunjuka vibaya na kuangukia mchuzini. Kisha tunasema kawa ni la watalii. La watalii limekuwa vipi? Sisi ndio tuliolitoa jikoni.

Tukifika kwa wachoraji, watu wangu wanakuwa wakosoaji hodari ghafla. "Wanarudia yaleyale, twiga, tembo, Mlima Kilimanjaro, jua linazama." Kweli wanarudia. Mimi mwenyewe nikimwona twiga mmoja zaidi mwenye shingo ya madoa ya mraba nitamripoti kwa maofisa wanyamapori. Lakini jiulizeni nani aliwaagiza twiga hao. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuja Dar es Salaam kutafuta riziki, alianza kuchora mwaka 1968 hivi akitumia mbao nyembamba za dari na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Mbao za dari na rangi ya baiskeli! Hapakuwa na kitu cha kigeni katika ufundi wake, ni vifaa vya duka la vifaa vya ujenzi. Waliokuwa wanapita na pesa mkononi pale Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, walikuwa wageni. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa akiwa amechora kwa miaka michache tu, na ndugu na wanafunzi wake wakaendelea. Wateja wakaendelea kuwa walewale. Mteja anayekaa nchini wiki mbili anataka kitu cha kuingia kwenye begi, cha kumkumbusha mbuga. Mchoraji ana kodi ya chumba na ada za watoto. Anachora twiga.

Hapa ndipo ninapotaka mwenyekiti anisikilize, hata kama ameshafungua ukurasa wa michezo. Mwenye kununua ndiye anayeamua kinachochorwa. Mmekaa pembeni zaidi ya nusu karne, mmemwachia mgeni peke yake aagize, halafu mnageuka kumcheka fundi kwa kumtii aliyemlisha. Mngekuwa mnanunua ninyi, mngechorewa bibi zenu, foleni za Ubungo, mashamba ya mikorosho, msiba, unyago, mechi ya watani wa jadi. Wachoraji wanayaweza hayo, na wengine wanayachora hata sasa bila kuombwa, yanakaa yakiegemea ukuta nyuma ya twiga. Tazameni muziki. Taarabu na Bongo Fleva hazikungoja ndege itue. Mnunuzi alikuwa mtu wa hapahapa, shangazi mwenye noti ya kutunza na kijana mwenye redio, ndiyo maana nyimbo zinasema mambo yetu kwa lugha yetu na hakuna anayeimba kuhusu twiga.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wengine walishaona kitambo. Sam Ntiro wa Kilimanjaro alichora mwaka 1956 picha ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Harusi, mwenyekiti! Mwaka 1960 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York iliinunua. Mwenye mkono huo baadaye akawa Balozi wetu London. George Lilanga, Mmakonde, alianza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, jijini Dar es Salaam, na akafa mwaka 2005 kazi zake zikiwa zimekwisha kuonyeshwa katika miji mikubwa ya Ulaya. Ukitaka kuziona vizuri leo, andaa viza.

Majirani zetu nao wasicheke. Mwaka 2013 Kenya ilipata banda lake la kwanza kwenye maonyesho makubwa ya Venice, na banda likajaa wasanii wa China. Mwaka 2015 ikapangwa vilevile, mpaka wasanii wa Nairobi wakapiga kelele na serikali ikajitenga nalo. Kiti ukikiacha wazi kitakaliwa. Na mwaka 2022 kikundi cha Wajukuu kutoka Mukuru, kwenye vibanda vya mabati vya Nairobi, kilialikwa kwenye maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani. Wakavika mlango wa jumba la watu mabati ya kwao, Wajerumani wakawa wanainama kupita humo, na wakarudi na tuzo ya Arnold Bode. Nilimuuliza rafiki yangu anayeishi Nairobi, mtu msomi, kama amewahi kufika Mukuru kuwaona. Akaniuliza kama ni salama kuegesha gari.

Kuna pia hoja ya msumari, na hii naipenda kuliko zote. Kwamba nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Televisheni ya inchi hamsini na tano inaning'inia ukutani kwa vyuma vinne na boliti nene kama kidole gumba, lakini mchoro wenye uzito wa kitenge utabomoa nyumba.

Halafu kuna mahubiri. Jirani yangu aliambiwa na mchungaji wake achome kinyago alichorithi kwa baba yake, eti kina roho za kale. Alikichoma, mpingo mtupu, ule unaokua polepole kuliko umri wa mtu. Sasa, hivi vinyago vilivyopindapinda tunavyoviita mashetani vilianza kuchongwa hapa Dar es Salaam miaka ya 1950, na anayetajwa kuvianzisha ni Samaki Likankoa, Mmakonde aliyekuwa akimuuzia kazi zake mfanyabiashara Mohamed Peera. Hizo roho za kale ni rika moja na shangazi yangu, naye bado anauza maandazi. Kuchoma ni rahisi. Kumuuliza aliyechonga alikuwa anafikiri nini kunataka mtu aende Mwenge, avute kigoda, anyamaze dakika kumi. Wamakonde wana majibu ya kuchekesha kuliko mahubiri.

Serikali nayo isijifiche nyuma yangu. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania. Ilikuwa siku ya wasusi! Iringa wanasuka vikapu vya milulu vinavyobeba viazi bila kulia, Pemba na Rufiji wana ukindu, mabibi wako tayari, soko zima la nchi limefunguliwa kwa amri moja. Tukafanya nini? Tukaleta mifuko mbadala, ile inayofanana na kitambaa, ambayo nayo imetokana na plastiki vilevile, inachanika mpini kabla hujafika kituoni. Kikapu kikabaki kwenye duka la zawadi uwanja wa ndege, bei kwa dola.

Nilipata kualikwa kwenye warsha ya siku mbili kuhusu kuinua soko la ndani la kazi za mikono. Ilifanyika hotelini. Ukumbi ulikuwa na zulia la maua ya Ulaya na picha za boti zenye matanga meupe ambazo hazijawahi kuelea kwenye maji yetu. Tuligawiwa mikoba ya nailoni yenye kaulimbiu, kalamu, na chupa ya maji. Mama mmoja msusi, ambaye nadhani aliletwa ili aonekane, alikuwa amekuja na kikapu chake mwenyewe. Mlinzi alimzuia mlangoni, akamwambia wauzaji wa bidhaa wanapita geti la nyuma. Mwezeshaji alipomaliza mada yake nilinyoosha mkono, nikauliza ni nani kati yetu tuliomo humu aliyenunua kazi ya mkono mwaka huu kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Akasema swali ni zuri, litaingizwa kwenye taarifa, na chakula cha mchana kiko tayari.