Mwanafunzi Atibiwe Kwanza

Wakulima wa nyanya hapa Kimana wanazijua vyema dawa za kuulia wadudu. Wengi wetu hatujui kwamba nikotini nayo ilitumiwa zamani kwa kazi iyo hiyo mashambani. Leo vijana wanaivuta katika sigara za kielektroniki, ikiwa imetiwa ladha ya matunda. Ikizidi mwilini, moyo huenda mbio, kichwa huzunguka, na mtu hutapika.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya umri wa miaka 18. Hata hivyo, sheria haimtibu aliyekwisha kuvuta. Nionavyo, hatari kubwa zaidi ni hofu. Mwanafunzi anayechelea kufukuzwa shuleni atamficha daktari ukweli, na daktari atabaki kupapasa gizani. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi walimu, mgonjwa apelekwe zahanati kwanza, nidhamu itangoja. Nawe mwanafunzi, moyo ukikushtua, acha kuvuta, mwendee daktari, umweleze ulichovuta, kiasi gani na saa ngapi. Aibu ya kusema hupita. Uhai ukipotea haurudi.