Baridi ya Juni hata Agosti: Mawingu na Mbingu Safi

Mwezi wa Mei ukielekea kwisha, Idara ya Hali ya Hewa, yenye makao yake Dagoretti Corner mjini Nairobi, hutoa utabiri wa miezi ya Juni, Julai na Agosti. Maneno yake hayabadiliki sana mwaka hata mwaka: katika nyanda za juu za kati patakuwa na mawingu mazito na manyunyu, na siku ambazo joto la mchana halitafika digrii 18. Watu wa pwani huyaita majira haya kipupwe, na Wakikuyu huyaita gathano. Wakulima wengi wakisikia habari hizo huyahofia mawingu, wakaisahau mbingu iliyo safi, nayo ndiyo adui mkubwa wa viazi na chai.

Asili ya baridi hii ni mbali. Miezi hiyo ndiyo ya baridi katika nchi za kusini ya dunia, na upepo wa kusi huileta hewa yake juu ya Bahari ya Hindi hata kwetu. Ni kusi hiyo hiyo inayochafua bahari, hata wavuvi wa Lamu na Malindi wakakaa siku kadhaa bila kutweka tanga. Mombasa joto la mchana bado hufika digrii 27 hivi. Lakini hewa ile ikipanda bara hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu mapana ya chini, yakaegemea milima ya Nyandarua upande wa mashariki. Juu yake hukaa hewa yenye joto zaidi, mfano wa kifuniko cha sufuria, basi mawingu hayawezi kupanda yakawa mvua kubwa. Ndiyo sababu Kiambu, Murang'a na Nyeri hukaa siku nyingi bila kuliona jua, hali Kitale na Kericho wanapata mvua zao.

Mawingu hayo, ingawa yanachukiza, ni blanketi ya shamba. Usiku ardhi hutoa joto lake kwenda juu, na wingu hulirudisha sehemu kubwa. Jioni mawingu yakitoweka, nyota zikang'aa na upepo ukatulia, joto hupotea lote, na alfajiri umande huganda juu ya majani. Huo ndio jalidi. Wazee wa Kinangop waitazamao mbingu jioni kabla ya kulala hawafanyi upuuzi. Tena jambo hili halina mwezi wake: mwezi wa Januari 2012, wakati wa kiangazi, jalidi iliunguza chai huko Kericho, Sotik na Nandi Hills.

Imempasa mkulima ajue pia kwamba kipimo cha Idara huwekwa ndani ya kisanduku, juu ya ardhi kupita mita moja. Majani yaliyo chini yaweza kuwa na baridi zaidi kwa digrii kadhaa. Basi akisikia kwamba usiku joto litashuka hata digrii 3, asidhani kuwa viazi vyake vimesalimika.

Hewa ya baridi ni nzito, nayo hutiririka bondeni kama maji. Viazi vilivyopandwa mteremkoni huokoka mara nyingi, na vya bondeni vikafa. Ua mnene upande wa chini wa shamba huizuia hewa hiyo isitoke. Yafaa kuacha nafasi. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto la mchana kuliko udongo mkavu, kwa hiyo anayeweza kumwagilia maji na amwagilie mchana. Wako wanaowasha taka mbichi usiku ili moshi ulifunike shamba. Kazi hiyo huchosha watu na faida yake ni haba, kwa maana moshi haulizuii joto kama wingu.

Mawingu nayo yana hasara yake. Ubaridi na unyevu hustawisha ugonjwa wa matunda ya kahawa, ulioonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1922, nao huyafanya matunda mabichi yawe meusi na kuoza. Aliyepanda Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, au Batian, iliyotolewa mwaka 2010, ana nafuu kubwa. Mwenye miti ya zamani hana budi kupiga dawa kwa wakati, na kupogoa ili upepo upite.

Lakini hasara iliyo kubwa kupita zote haimo shambani. Katika miezi hii watu huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hahisi chochote. Dalili zake kwa aliye macho ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Aonaye hayo na atoke nje upesi, naye amwite daktari. Jiko na litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana kuwa majivu.