Takhmisi na Sheria ya Hakimiliki

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, yampa mwandishi haki juu ya kazi yake muda wote wa uhai wake, na miaka 50 baada ya kufa. Hilo ni jema, na hatudhani yupo malenga wa pwani atakayelipinga. Watunzi wetu wamedhulumiwa mno. Mtu hukesha na shairi lake, kisha akalisikia laimbwa arusini pasi na jina lake kutajwa, na siku hizi huliona likizunguka simuni kwa jina la mwingine.

Lakini sheria hiyo hiyo yampa mwenye kazi peke yake uwezo wa kuruhusu kazi yake igeuzwe, na hapo ndipo penye mashaka yetu. Kwani utunzi wa Kiswahili tangu kale umeishi kwa kupokezana. Mathalan takhmisi: mtunzi huchukua mishororo miwili ya mwenziwe, akaitangulizia mitatu yake yenye kuoana nayo kwa vina, ikawa mitano. Ndivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alivyoufanyia wimbo wa Liyongo. Na Burda ya Al-Busiri imefanyiwa takhmisi nyingi, wala hapana aliyesema Al-Busiri kaibiwa.

Kwa nini? Kwa sababu maneno yake yamebaki mahali pake, na jina lake lajulikana. Aliyepita chuoni aijua adabu hii: hadithi husomwa na sanadi yake, fulani kapokea kwa fulani. Na Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Kuwait mwaka 1988, ilikata kuwa haki za utunzi zalindwa na sharia, wala haifai kuzivamia.

Nasi tusijitakase. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alitufurahisha kwa mahadhi ya filamu za Kihindi yaliyotiwa maneno ya Kiswahili. Waliotunga mahadhi hayo huko Bombay, ni ukumbi gani Mombasa uliowataja?

Sheria yenyewe inayo sanadi yake. Yasema mtunzi, hata akiisha kuuza haki zake, abaki na haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi, na ya kukataa kazi yake isiharibiwe. Kifungu hiki twaona ndicho cha kukazia.

Ila kuna kasoro nyingine. Sheria hulinda kilichoandikwa au kurekodiwa tu. Muyaka bin Haji wa Mvita alifariki mwaka 1840, na mashairi yake yakakaa vifuani mwa watu hata Mwalimu Sikujua na Mzungu W. E. Taylor wakayaandika, diwani ikapigwa chapa Johannesburg mwaka 1940. Lau Muyaka angekuwa hai leo, asiyeandika, asingekuwa na la kudai. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda ujuzi wa jadi yatazama jamii nzima, si malenga mmoja.

Twalitaka Bunge, litakapoigusa tena sheria hii, liitaje takhmisi kwa jina lake: mwenye kunukuu bila kugeuza, na akamtaja mwenyewe, aruhusiwe, na akipata faida, wagawane. Wenye redio na magazeti wasingoje Bunge. Na wamtaje mtunzi kabla ya mwimbaji.